Siku za Mti Si Siku za Namba

Kukaa kitako kumenishinda tangu utotoni. Hata sasa ninapowaandikia haya, vijana wangu, nimeshainuka kuangalia sufuria ambayo najua haijachemka, nikafungua mlango kuona nani anapita, nikarudi na kusahau nilikuwa nataka kusema nini. Mama yangu alikuwa akisema nina siafu miguuni. Sasa fikirini mtu wa namna hiyo apewe kazi ya kuhesabu muda wa kusubiri, tena kwa ujana wake wote. Mungu naye ana utani wake.

Nilifanya kazi katika ushirika wa wachongaji, kwenye karakana ya mabati nyuma ya Jogoo Road, upande wa Makadara, Nairobi. Wengi wetu tulikuwa watu wa Ukambani: wanaume na tezo zao za kuchongea, na sisi wanawake na msasa. Mimi nilianza na msasa. Jioni nilikuwa nikijifunza kupiga taipu katika darasa la kanisa kule Huruma, nilikopanga chumba. Sikuipenda taipu hata kidogo, ila nikibaki chumbani jioni nzima nilikuwa nagombana na majirani. Kwa hiyo ushirika uliponunua kompyuta, katikati ya miaka ya themanini, katibu wetu Musyoka alitazama huku na huku akitafuta mtu anayejua kubonyeza herufi, akaniona mimi na unga wa mbao kichwani. Akaniambia ninawe uso, niingie ofisini.

Niwaeleze kwanza kwa nini watu wa tezo walihitaji kompyuta. Mti wa muhugu huchongwa ukiwa mbichi, maana ukikauka unakuwa mgumu na tezo inaruka. Ukishapata umbo la twiga au kiboko, kinyago kinafukiwa kwenye maranda stoo, kinageuzwa mara kwa mara, kinasubiri miezi. Hapo ndipo ilipo kazi yote: kusubiri. Ukimharakisha twiga, atafika Ulaya mzima kabisa, akae karibu na hita ya mtu, kisha apasuke kutoka shingoni mpaka tumboni. Mnunuzi anapiga picha, na picha inarudi kwetu pamoja na namba iliyoandikwa chini ya kitako cha kinyago. Namba ile ilikuwa ya mchongaji. Kila mtu alikuwa na safu yake stoo, na kila kitu kilichokaa kwenye safu yake kilibeba namba zake.

Sheria ilikuwa kali. Kazi ya mtu ikirudi imepasuka mara ya tatu, anapoteza nafasi yake ya kukaa. Nafasi yenyewe ilikuwa kipande cha sakafu, kigogo cha kukalia na msumari wa kutundika koti. Mkisikia hivyo mnaweza kucheka. Lakini mchongaji asiye na nafasi alizunguka mjini na gunia begani akifuata watalii, huku askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, wakimfuata yeye. Niliwaona wengi walioishia hivyo, na sikumwona hata mmoja aliyerudi.

Ugomvi ulikuwa haukomi. Kila mtu aliapa kwamba mti wake ulikaa stoo miezi ya kutosha, na kila mtu alikuwa na shahidi. Musyoka akasema tunaleta mashine isiyo na shemeji wala rafiki, ihesabu siku.

Aliyekuja kunifundisha alikuwa kijana wa Bungoma aitwaye Wafula, mkaazi wa Mowlem, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Siku hizi nyinyi mna jina zuri, hifadhidata. Sisi tuliiita programu ya mafaili. Ukiifungua ilikuwa skrini nyeusi na nukta moja ya kijani pembeni, basi. Haina picha, haina maneno ya kukukaribisha. Nukta inakusubiri wewe, na wewe huijui inataka nini. Wiki ya kwanza nilitoka nje kila nilipoiona, nikazunguka karakana, nikarudi, nikaikuta palepale.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika tarehe kama maneno. Niliandika tarehe ya mti kuingia stoo, nikaandika tarehe ya kutoka, nikaiambia mashine itoe moja kwa nyingine. Ikakataa. Wafula akacheka, akavuta kiti, akasoma majina ya watu kwenye skrini.

"Madam, hii umeandika ni maneno. Hauwezi kutoa Mwanzia kwa Musyoka ubaki na Kilonzo. Tarehe lazima iambiwe ni tarehe."

Akanionyesha kwamba safu ya faili inayowekwa kuwa ya tarehe haihifadhi mwezi na mwaka jinsi sisi tunavyoviona. Mashine inaigeuza kila tarehe kuwa namba moja ndefu ya siku, ikihesabu kutoka zamani sana, na kutoa namba kwa namba ni kazi ya mtoto wa shule. Miezi mirefu, miezi mifupi, Februari na vituko vyake, yote inameza. Likumbukeni hili hata katika mashine zenu za leo: usijaribu kutoa mwezi kwa mwezi kwa akili yako. Badilisha kwanza kuwa siku, kisha utoe.

Wachongaji hawakufurahi. Kwao Jumatatu hadi Jumatatu ni siku nane, kwa sababu Jumatatu zote mbili wanazihesabu. Mashine ikasema saba. Walidhani inawaibia siku. Tulibishana mpaka Musyoka akaamua kwamba siku ya kwanza haihesabiwi, maana siku hiyo mti bado unalia maji. Hoja ile iliwaridhisha. Mimi niliipenda kwa sababu ilimaliza mazungumzo.

Kitu kingine. Mashine zile hazikuwa na saa ndani yake. Kila asubuhi ukiiwasha inakuuliza leo ni tarehe gani, na usipoiambia inaamini ni Mwaka Mpya wa 1980. Mimi na haraka zangu, siku moja nikabonyeza tu kitufe cha kuruka swali, nikaingia kazini. Nikachapisha ripoti. Printa ililia kama mashine ya kusaga mahindi, karatasi ikatoka na alama ya kutoa mbele ya kila namba. Kwa mujibu wa ripoti ile, karakana nzima ilikuwa na miti ambayo haijakatwa bado, na wachongaji walikuwa wamekaa wakichonga hewa. Walinitania mwezi mzima. Mtu akipita dirishani ananiuliza kama yeye ameshazaliwa.

Baada ya hapo sikuwahi kuiruka tarehe ya leo. Kila hesabu ya muda ina miguu miwili, na mguu mmoja mara nyingi unakanyaga leo. Leo ikiwa ya uongo, kila kitu kinaanguka.

Sasa nije kwa Mwanzia, maana nimekuwa nikimzunguka.

Mwanzia ndiye aliyenifundisha msasa nilipotoka nyumbani nikiwa sijui hata upande gani unasugua. Mtu mwembamba, wa makamo, mpole, maneno yake machache kama ya mtu anayelipia kila neno. Alinifundisha kwa mikono. Msasa ukijaa unga unaoganda, mti una maji bado. Ukitoa unga mwepesi unaopeperuka, mti uko tayari. Ukitaka kuhakikisha, weka kinyago shavuni: mti wenye maji una baridi hata mchana wa jua kali. Alikuwa mchongaji hodari, lakini picha mbili zilikuwa zimesharudi na namba yake, zote za kabla ya kompyuta kuja. Moja zaidi, na koti lake lingetoka kwenye msumari. Alikuwa na watoto wanne shuleni na hakujua kazi nyingine yoyote.

Mwaka ule tulipata agizo kubwa la twiga, la Krismasi ya watu wa ng'ambo. Nikaiambia mashine initolee kila kinyago kilichotimiza siku zake, ikanipa orodha, nikampa Musyoka. Sanduku lilikuwa lipigiliwe misumari Ijumaa. Twiga wote wa Mwanzia walikuwa kwenye orodha, na nilifurahi kwa ajili yake.

Jumatano nikaenda stoo kulinganisha namba. Mnajua mikono yangu haitulii. Mfukoni nilikuwa bado natembea na kipande cha msasa miaka yote ile, hata nikiwa na gauni la ofisini. Nilipokuwa nikisoma namba za safu ya Mwanzia mkono ukaanza wenyewe kusugua mguu wa twiga mmoja. Msasa ukajaa. Nikaukung'uta, nikasugua tena, ukajaa tena. Nikamweka twiga shavuni. Baridi tupu. Nikamchukua mwingine, baridi. Safu nzima ilikuwa mbichi, na mashine yangu ilikuwa imesema imekauka.

Niliogopa. Niliogopa kwa ajili ya Mwanzia, na siwafichi, niliogopa pia kwa ajili ya mashine, maana nilikuwa nimeanza kujivunia. Nikaenda moja kwa moja mpaka alipokaa. Alikuwa anachonga, hakuinua kichwa.

"Twiga wako ni wabichi," nikamwambia.

"Mashine imesema aje?"

"Imesema wamekauka."

"Basi wamekauka."

Akaendelea na tezo yake. Nilisimama pale nikihamisha uzito mguu huu hadi mguu ule. Nilimwambia wakipasuka ni picha ya tatu. Nilimwambia basi awazuie, asiwatoe. Hapo akanitazama, na nikajua nimesema upuuzi. Mchongaji aliyekataa kutoa kinyago kilichoorodheshwa alihesabiwa kuwa anataka kukiuza nje, na adhabu yake ilikuwa ileile. Akitoa anapoteza nafasi baadaye, akizuia anaipoteza Ijumaa.

Nilirudi ofisini nikaifanya hesabu upya. Nikaifanya na kalenda ya ukutani, siku kwa siku, kidole kwenye karatasi. Ikatoka sawa na ya mashine. Nikapiga simu kwa akina Wafula, nikasema mashine imeharibika, aje upesi. Akaja wakati wa chakula cha mchana, akapitia kila kitu taratibu mpaka nikataka kumsukuma kitini. Kisha akafuta miwani.

"Kutoa iko sawa, madam. Lakini hii mashine inahesabu siku za namba. Kama kitu yenye iko na hiyo namba ilibadilishwa, mashine haiwezi jua. Mlibadilisha?"

Tulibadilisha. Tulikuwa tukibadilisha siku zote, na mimi nilijua, na haikuwahi kunipitia akilini.

Karakana yetu ilikuwa na desturi ya kuazimana miti. Mtu akipata msiba, au akiugua, au wadudu wakiingia kwenye safu yake, mwenzake anampa vinyago vyake vilivyokauka ili safu isibaki tupu agizo likija. Naye akipata nguvu anakata vipya, anaviweka kwenye safu ya yule aliyempa, kwa namba zilezile, vikauke hapo. Hakuna karatasi. Na kuna sheria moja tu: aliyetoa hataji. Akitaja, amedai. Anayeruhusiwa kusema ni aliyepokea peke yake, na yeye husema akipenda. Nilikuwa nimesugua msasa vinyago vya namna hiyo mara nyingi, nikajua ni vya nani kwa mkono wa mchongaji, nikafunga mdomo kama kila mtu.

Basi nikakumbuka. Kilonzo, aliyekaa jirani na Mwanzia, alikuwa amekwenda kwao Mwingi kumzika baba yake, akakaa huko. Twiga wake hawakugeuzwa stoo na wote walipasuka. Aliporudi, haikuchukua muda safu yake ilikuwa imejaa tena. Niliiona safu ile imejaa, na sikuuliza, kwa sababu haiulizwi.

Sasa nikaelewa kila kitu, na kuelewa hakukunisaidia. Mwanzia asingeweza kumtaja mtu aliyetoka kuzika juzi. Kilonzo alidhani twiga wabichi wamelala kwenye maranda kwa amani; orodha ilikuwa ofisini kwetu, haikubandikwa mahali. Mimi ningeweza kubadilisha tarehe kwa kubonyeza mara chache, nukta isingenisaliti. Lakini Musyoka alikuwa na orodha iliyochapishwa mfukoni, na mashine iliyonunuliwa kwa sababu haina rafiki, siku ile ingempata rafiki. Kesho yake kila mtu angenijia dirishani na tarehe yake.

Mtu mwenye subira angelitafakari jambo lile siku kadhaa. Mimi nilingoja mpaka chai ya saa nne ya Alhamisi, na hata hiyo niliona imechelewa. Nikapanda juu ya kigogo katikati ya karakana, mbele ya watu wote na vikombe vyao, nikasema kama kuna mti uliobadilisha safu, mwenyewe aniletee tarehe mpya, na sitauliza kwa nini. Nilidhani nimetumia busara.

Wanaume waliangalia chai yao. Mwanamke mmoja wa msasa akanivuta gauni kutoka nyuma. Mwanzia alinitazama kama mtu aliyepekuliwa mifuko hadharani.

"Mwikali," akasema, "kaa chini."

Hakuwahi kuniambia neno kali kabla ya hapo wala baada yake. Sikukaa chini. Nilikimbilia ofisini, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira, hasira ya kutojua nimkasirikie nani. Kisha nikaanza kutembea kutoka dirishani hadi kwenye kabati na kurudi. Musyoka alikuwa mezani akijaza karatasi za forodha, akaniambia nitatoboa sakafu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Kilonzo. Alisimama na kofia mkononi, jicho kwenye mashine, kana kwamba ndiyo aliyokuja kuongea nayo.

"Futa tarehe ya twiga wa Mwanzia," akasema. "Wale wako kwa safu yake ni wangu. Niliwakata juzi nikitoka kuzika. Wakavu alinipa mimi."

Musyoka aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini safari hii alimtazama tu Kilonzo, kisha akanitazama mimi. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: sanduku litajazwa na nini, maana mnunuzi aliagiza sanduku zima. Kilonzo akasema hajui, ila wale hawaendi. Akavaa kofia yake akatoka.

Nikamfuata mpaka mlangoni, na niliyoyaona hapo sijayasahau. Kilonzo alianza upande mmoja wa karakana, akapita safu kwa safu. Hakuhutubia. Alisimama mbele ya kila mchongaji akasema neno au mawili, na yule mchongaji, bila kusimamisha tezo, akaonyesha kwa kidevu upande wa stoo. Wengine hata hawakumngoja aseme. Akawa anakuja mezani kwangu na twiga kwapani, wawili wawili, anawasimamisha mbele ya kibodi na kutangaza kwa sauti ya kusikika hadi nje: huyu nimeazima kwa fulani, aliingia stoo wakati wa mvua za kwanza, huyu nimeazima kwa fulani, huyu ana siku nyingi kuliko wote. Aliyepokea ndiye aliyesema. Desturi ilibaki pale pale, isipokuwa sasa ilikuwa inasemwa karibu na mashine.

Na mimi nikaandika. Kwanza niliwapitisha wote kwenye msasa na shavu, kisha nikafungua safu mpya katika faili, nikaiita MTI. Namba ikabaki ya mtu, tarehe ikawa ya mti. Twiga akihama safu, tarehe yake inahama naye kama mtu anavyohama na umri wake. Kwa wale wabichi wa Mwanzia nikaandika siku Kilonzo aliyowakata, na mashine ikawatoa kwenye orodha yenyewe, bila mimi kumpendelea mtu. Wafula alipoona baadaye alisema ningefanya hivyo tangu siku ya kwanza. Nikamjibu kwamba hata yeye hakuniuliza kama twiga hutembea.

Hiyo ndiyo akili ninayotaka mwondoke nayo, nyinyi mnaohesabu muda wa mizigo, wa wagonjwa, wa mikopo, wa sijui nini. Kutoa tarehe kwa tarehe ni rahisi, mashine haikosei. Kabla hujatoa, jiulize kilichoingia na kinachotoka ni kitu kimoja? Na usiiulize skrini. Inuka uende stoo, na mfukoni uwe na msasa wako, wowote ule.

Sanduku lilipigiliwa Ijumaa, likaenda Mombasa. Tukasubiri. Lo, jinsi nilivyosubiri. Kila mara posta ilipoletwa nilikuwa mlangoni kabla ya mleta barua kushuka baiskeli. Krismasi ikapita, mvua zikaja, barua ya mnunuzi ikaja na agizo jipya. Hakukuwa na picha ndani yake. Nilipindua bahasha nikaikung'uta kuhakikisha. Nikaenda karakana kumwambia Mwanzia, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake asubuhi nilikuta mezani kwangu karatasi mpya ya msasa, nzima, haijakatwa. Ndiyo shukrani pekee niliyopata, na niliitumia mpaka ikawa laini kama kitambaa.

Mambo yalibadilika kama yanavyobadilika. Tulipata mizani, tukawa tunapima kinyago wiki hii na wiki ile. Uzito ukiacha kushuka, mti umekauka, na siku zikawa shahidi wa pili. Mashine zilizofuata zilikuja na saa ndani, zikaacha kuniuliza tarehe. Nilihamia Mowlem, nikawa jirani ya Wafula, akawa na kitambi na suruali zisizokata tena. Na wachongaji wakazoea kuja dirishani na kusema nimeazima kwa fulani, bila aibu, kwa hiyo nikafungua safu nyingine ya mikopo: tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Isiporudishwa, mashine inatoa tarehe ya kuchukua kwenye tarehe ya leo.

Mwanzia alikaa kwenye kigogo chake mpaka macho yakamchoka. Siku aliyokuja kuaga hakuja peke yake. Kilonzo alikuwa naye, mvi kichwani, na ni Kilonzo aliyesema.

"Andika. Mwanzia ameniazima nafasi yake. Ni ya ndugu yangu mdogo, amekuja kutoka nyumbani."

Sikuwahi kuandika mkopo wa sakafu, lakini nikaandika. Tarehe ya kuchukua, leo. Nikauliza tarehe ya kurudisha. Kilonzo akamtazama Mwanzia. Vidole vyangu vilikuwa vinagonga meza. Mwanzia akainama karibu na skrini, na macho yake yale mabovu, kana kwamba anaiona ile nukta.

"Acha hapo wazi," akasema.

Nikaacha. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilipofungua faili, mkopo ule ulikuwa umeongezeka siku moja. Nilizoea kuutazama kwanza kabla ya kazi nyingine yoyote, hata baada ya kwenda Kitui kumzika Mwanzia.

Siku yangu ya mwisho kazini, msichana aliyenipokea alikuwa akipitia mafaili, mwepesi wa vidole, hodari kuliko mimi. Akasimama kwenye mstari ule. Akasema kuna mkopo mmoja wa zamani sana unaoharibu ripoti, je, aufunge? Nikamwambia haujarudishwa bado, auache uhesabu. Kule karakana nilisikia tezo ya ndugu yake Kilonzo, upande ule ule, karibu na msumari wa koti. Nilikuwa nimeshabeba mkoba wangu. Nikauweka chini, nikavuta kiti, nikakaa.